Kikomo cha Bei si Kikomo cha Gharama

Maelezo kwa watumiaji wa umeme, mafuta na gesi, yaliyotolewa Munanila, Wilaya ya Buhigwe, Mkoa wa Kigoma, mwaka 2024



Kabla ya kikao hiki tulipita sokoni na kuketi na watu, kwa kuwa si vyema kuja na majibu kabla ya kusikia maswali. Swali moja lilirudiwa na wengi, nasi tunaomba kuanza nalo.

Mama mmoja alituambia hivi: mwanzoni mwa mwezi alinunua umeme wa shilingi 10,000 akapata uniti 69 na kitu. Siku ya ishirini ya mwezi ule ule alinunua tena wa shilingi 10,000, akapata uniti 27 tu. Noti ni ile ile, mita ni ile ile, na redioni amesikia kwamba bei ya umeme inadhibitiwa na haijapanda. Akauliza: "Uniti zangu zimekwenda wapi?"

Swali hili ni la haki. Hakuna aliyezichukua uniti zake, lakini pia hakuna aliyemweleza jinsi bei inavyofanya kazi. Leo tunataka kila aliyehudhuria arudi nyumbani akiwa na uwezo wa kulijibu swali hilo mwenyewe.

Bei kikomo ni nini?

Bei kikomo ni bei ya juu kabisa ambayo muuzaji anaruhusiwa kumtoza mnunuzi kwa kipimo kimoja cha bidhaa: kwa lita moja ya mafuta, au kwa uniti moja ya umeme. Katika Tanzania Bara kazi ya kupanga bei hizo imekabidhiwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001.

Ndugu wananchi, tunaomba mzingatie maneno haya: kwa kipimo kimoja. Kikomo kinamzuia muuzaji asipandishe bei ya lita au ya uniti kadiri apendavyo. Hakisemi mtumie lita ngapi wala uniti ngapi. Kwa hiyo kikomo cha bei si kikomo cha gharama. Bei inalindwa na Serikali, lakini matumizi yanalindwa na mwenye nyumba.

Kutofautisha mambo haya mawili kumewasumbua hata watu wa mataifa makubwa. Nchini Uingereza, ambako kikomo cha bei ya gesi na umeme wa majumbani kilianza Januari 2019, Serikali ilitangaza mwaka 2022 kwamba nyumba ya matumizi ya kawaida ingelipa takriban pauni 2,500 kwa mwaka. Wapo walioelewa kwamba hakuna nyumba itakayolipa zaidi ya hapo, kumbe kilichozuiwa kilikuwa bei ya uniti tu. Aliyetumia zaidi alilipa zaidi. Kosa hilo la uelewa linaweza kutupata nasi hapa Munanila.

Umeme: mstari wa uniti 75

Bei za umeme wa majumbani zinazotumika leo zilianza Aprili 2016. Wateja wa majumbani wamegawanyika hasa katika makundi mawili. Kundi la D1 ni la wenye matumizi madogo, wastani wa uniti 75 kwa mwezi au pungufu. Hao hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti ya 75, na kila uniti inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, nao hulipa shilingi 292 kwa kila uniti, tangu ya kwanza. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Baada ya makato hayo, uniti ya shilingi 100 inakuwa shilingi 122, ya shilingi 292 inakuwa takriban shilingi 356, na ya shilingi 350 inakuwa shilingi 427.

Sasa turudi kwa mama yetu, ambaye yumo katika kundi la D1. Katika ununuzi wake wa kwanza wa mwezi, kati ya shilingi 10,000 zilikatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU. Zikabaki shilingi 8,500. Zigawe kwa 122, utapata uniti 69 na zaidi kidogo. Ilikuwa imebaki nafasi ya uniti kama tano na robo kabla ya kuufikia mstari wa uniti 75.

Aliponunua mara ya pili, uniti hizo tano na robo alizipata kwa bei ya chini, kwa shilingi 650 hivi. Shilingi 9,350 zilizobaki zilikwenda kwenye bei ya shilingi 427, zikampatia uniti 21.9. Jumla ni uniti 27. Bei haikupanda, mama ndiye aliyevuka mstari bila kuambiwa kwamba upo. Mfumo wa LUKU hujumlisha uniti zote zinazonunuliwa ndani ya mwezi, hata mkinunua kidogo kidogo kila siku. Kuugawa ununuzi hakuusogezi mstari.

Angalieni uzito wa mstari huo. Tuziweke kodi kando. Uniti 75 za kwanza zinagharimu shilingi 7,500. Uniti 25 zinazofuata, ambazo ni theluthi moja tu ya zile za kwanza, zinagharimu shilingi 8,750. Sehemu ndogo ya mwisho inakula fedha nyingi kuliko sehemu kubwa ya mwanzo.

Ni nini kinachoivusha nyumba mstari huo? Tuchukue nyumba yenye taa nne za LED za wati 9 zinazowaka saa tano kila usiku. Kwa mwezi taa hizo hutumia uniti tano na nusu hivi. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano kwa siku ni uniti 12. Jokofu dogo linalotumia uniti moja kwa siku ni uniti 30. Pasi ya wati 1,000 kwa saa mbili kila wiki ni uniti 8. Simu na redio, tuseme uniti 2. Jumla haifiki uniti 58, na nyumba hiyo imo salama ndani ya kikomo.

Lakini huku kwetu milimani asubuhi ni baridi, na wengi mmenunua kile chuma cha umeme cha kuchemshia maji ya kuoga. Chuma cha wati 1,500 kikitumika nusu saa kila siku kinakula uniti 22 na nusu kwa mwezi. Nyumba ile sasa imekaribia uniti 80 na imeuvuka mstari. Vivyo hivyo, mtu akiziacha taa za LED na kufunga balbu nne za zamani za wati 60, taa peke yake zitatumia uniti 36 badala ya tano na nusu. Hatusemi msioge maji ya moto. Tunasema mjue ni kifaa kipi kinachowavusha, ili mkivuka mvuke kwa hiari yenu.

Mita moja, kaya tatu

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo linawaumiza wapangaji. Kikomo cha uniti 75 kimewekwa kwa mita. Mita haijui nyumba ina kaya ngapi.

Chukueni nyumba ya kupanga yenye kaya tatu zinazochangia mita moja, kila kaya ikitumia uniti 40 kwa mwezi. Kila moja ni ya matumizi madogo, na ingekuwa na mita yake ingelipa shilingi 4,000 kabla ya kodi, yaani shilingi 12,000 kwa kaya zote tatu. Lakini kwa mita moja matumizi ni uniti 120. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na 45 zinazobaki ni shilingi 15,750. Jumla ni shilingi 23,250, karibu mara mbili. Nafuu iliyokusudiwa kwa mtu wa kipato cha chini imempita mlangoni. Tena matumizi yakiendelea hivyo, mita hiyo inaweza kuhamishiwa kundi la T1, na hapo kila uniti italipiwa bei ya kawaida.

Kwa hiyo wenye nyumba tunawaomba mfikirie mita ya kila kaya pale inapowezekana. Vijijini gharama ya kuunganishiwa umeme chini ya miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ni shilingi 27,000. Katika hesabu tuliyoifanya, kaya zile tatu zinapoteza shilingi 11,250 kila mwezi kwa kushirikiana mita. Pigeni hesabu wenyewe muone ada hiyo ingerudi baada ya muda gani.

Petroli, dizeli na mafuta ya taa

Tangu Januari 2009 EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Siku hizi tangazo hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kikomo hicho hupanda na kushuka, kwa sababu hufuata bei ya mafuta katika soko la dunia, thamani ya shilingi mbele ya dola, gharama za meli na bandari, kodi, faida iliyoruhusiwa kwa wauzaji, na usafiri kutoka bandarini hadi kila wilaya. Jirani zetu wa Kenya wana utaratibu wa namna hiyo. Mamlaka yao, EPRA, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi.

Hapo kwenye usafiri ndipo Kigoma tunapoumia. Lita inayosafiri kutoka pwani hadi milima ya Buha haiwezi kuuzwa kwa bei ya Dar es Salaam. Ndiyo maana tangazo lina orodha ndefu ya miji na wilaya, na kila moja ina bei yake. Usisikilize redioni bei ya Dar es Salaam ukaja kugombana na muuzaji wa hapa. Tafuta bei ya wilaya yako. Unaweza kuipata kwa simu yoyote, hata isiyo na intaneti, kwa kubonyeza *152*00# na kufuata maelekezo.

Mjue pia kwamba kikomo ni dari tu. Muuzaji anaruhusiwa kuuza chini yake ili kuvutia wateja, ila haruhusiwi kuipita. Kila kituo kinapaswa kuonesha bei zake kwenye bango linalosomeka, na kumpa mnunuzi risiti. Mafuta ya chupa yanayouzwa kando ya barabara yako nje ya ulinzi huo: bei ni ya maelewano, kipimo ni cha macho, ubora haujulikani, na moto hauko mbali. Anayekaa mbali na kituo anajikuta analipa zaidi ya aliye mjini, na hata nauli ya bodaboda inafuata bei hiyo ya chupa.

Gesi ya mtungi

Wananchi wengi wanauliza: "Gesi ni ya kwetu, inatoka Mtwara. Mbona mtungi ni ghali?" Hizi ni gesi mbili tofauti. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay husafirishwa kwa bomba, na sehemu kubwa huzalisha umeme. Gesi ya mtungi tunayopikia huagizwa kutoka nje kwa meli, hujazwa kwenye mitungi, kisha huletwa huku kwa malori.

Na hapa tuseme ukweli bila kuupamba: tangazo la bei kikomo la kila mwezi linataja petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya mtungi haimo, wala mkaa na kuni havimo. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, nasi tunaunga mkono. Lakini mama anayehama kutoka kwenye kuni kwenda kwenye mtungi ajue kwamba bei ya mtungi hailindwi na dari ile. Kinga yake ni kuuliza bei kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na kupima.

Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Soma namba hiyo, ongeza kilo za gesi unazonunua, kisha mwombe muuzaji aupime mbele yako. Mtungi wa kilo 6 ulioandikwa uzito mtupu wa kilo 7 lazima usome kilo 13. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani. Kuomba kupimiwa si kumvunjia heshima. Angalia pia kama lakiri haijafunguliwa. Gesi pungufu kwa bei ile ile ni bei iliyopandishwa kimyakimya.

Kwa nini kikomo kisishushwe zaidi?

Mzee mmoja alituuliza kwa nini Serikali isiamuru bei iwe nusu, mambo yakaisha. Tunamheshimu kwa kuuliza. Jibu ni kwamba gharama iliyozuiwa isionekane kwenye bei haifi. Hutafuta mahali pengine pa kutokea.

Agosti 2011 bei kikomo za mafuta zilishushwa kwa kiasi kikubwa. Baadhi ya makampuni yaliona hayawezi kuuza kwa bei hiyo, yakazuia mafuta, na nchi ikaingia kwenye foleni na uhaba. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini pampu zilikuwa kavu. Mwaka 2022, bei za dunia zilipopaa, Serikali ilichukua njia nyingine: ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Wananchi walipata nafuu, lakini fedha hizo zilitoka katika mfuko wetu sote.

Mfano wa karibu zaidi ni sisi wenyewe. Kwa miaka mingi Kigoma, Kasulu na Kibondo zilipata umeme wa majenereta ya dizeli, umeme wa gharama kubwa kuzalisha, mpaka gridi ya Taifa ilipoanza kuingia mkoani mwetu mwaka 2022. Hata hivyo mteja wa Kasulu alilipa kwa uniti sawa na mteja wa Dar es Salaam, kwa kuwa bei ya umeme ni moja nchi nzima. Pengo hilo lilibebwa na shirika la umeme na Taifa. Sisi watu wa Kigoma tumenufaika na kikomo, kwa hiyo tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba kina mlipaji.

Mambo ya kushika

Tunapomaliza, tunawaomba myashike mambo haya matano.

Kwanza, tunza kila risiti ya LUKU na kuisoma. Angalia kundi lako, uniti ulizopata na makato yote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiacha kununua mwezi mmoja, kodi ya jengo haifutiki. Itakusubiri ununuzi unaofuata.

Pili, jumlisha uniti zako kila mwezi. Ukikaribia 75, ujue uniti inayofuata ni ghali zaidi ya mara tatu.

Tatu, ikiwa umo kundi la T1 na matumizi yako kwa miezi kadhaa hayafiki uniti 75, nenda ofisi ya TANESCO na risiti zako, uombe kwa maandishi kundi lako liangaliwe upya.

Nne, ukitozwa zaidi ya bei kikomo, au ukipunjwa, usibaki na uchungu moyoni. Mlalamikie kwanza mtoa huduma, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Asipokusikiliza, peleka lalamiko EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, litakusaidia kuliandaa bila malipo. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, bado lipo Baraza la Ushindani.

Tano, bei ya umeme haibadilishwi gizani. Anayetaka kuipandisha huwasilisha maombi, na EWURA huitisha taftishi, yaani mkutano wa hadhara ambapo wananchi hutoa maoni. Mkisikia taftishi imeitishwa, pelekeni maoni yenu, kwa mdomo au kwa barua. Kikomo kinachopangwa bila sauti ya Munanila hakiwezi kuijua baridi ya Munanila.

Ndugu wananchi, mama aliyetuuliza swali lile amekaa nasi hapa. Tulipomaliza kupiga naye hesabu, hakusema ameridhika. Alisema: "Kumbe ningejua, maji ya kuoga ningechemshia kuni wiki mbili za mwisho wa mwezi." Huenda akafanya hivyo, huenda asifanye. Lakini kuanzia mwezi ujao uamuzi ni wake, kwa sababu mstari anauona.

Sasa tunakaribisha maswali, na aliye na risiti yake aje nayo mbele tuisome pamoja.